Je, Mtoto Wako Yu Shuleni Leo?

Juma hili twataka kusema juu ya jambo ambalo wazazi wengi hulihesabu kuwa dogo, nalo ni desturi ya watoto kukosa shule siku moja moja. Hatusemi juu ya mtoto ambaye hajaandikishwa kabisa. Huyo ana shida yake ya peke yake. Twasema juu ya yule ambaye jina lake limo katika daftari la mwalimu, ana sare yake ya buluu na nyeupe, ana kalamu yake, na hata hivyo Jumatatu yupo, Jumanne hayupo, Jumatano yupo, Alhamisi hayupo. Baba yake akiulizwa, "Mtoto wako asoma?" hujibu bila kusita, "Ndiyo, yu katika mwaka wa nne." Hasemi uwongo mzee huyu. Amesema nusu ya kweli.

Tuchukue watoto wa Tchomia. Mji huo upo kando ya Ziwa Albert, mashariki ya Bunia, katika wilaya ya Djugu. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilometa 160 hivi na upana wa kilometa 30 hivi, na ng'ambo yake ni Uganda. Watu wa Tchomia hula kwa ziwa, huvaa kwa ziwa, huoa kwa ziwa. Kazi ya ziwa ina saa zake, nazo si saa za shule. Samaki wadogo huvuliwa usiku kwa taa. Alfajiri vyombo vyarudi, na hapo ndipo ufuko huwa kama siku ya sikukuu: wachuuzi wamefika na mabeseni, moto umewashwa, watu waitana. Na katikati ya watu wazima utawaona watoto. Huyu atoa samaki katika nyavu kwa vidole vyake vyembamba, yule achukua beseni kichwani, wengine waanika samaki juani na kuwafukuza ndege. Mshahara wao ni samaki wachache, pengine noti moja. Kengele ya shule yalia wakati huo huo. Mtoto aisikia. Atafanyaje? Mkononi ana samaki, na huko kwenye kengele kuna hesabu za sehemu.

Hatuwadharau wavuvi, wala hatusemi kwamba mtoto asiguse wavu. Ni vizuri kijana ajue kazi ya baba yake, na mvivu hana sifa katika gazeti hili. Bwana wetu mwenyewe alichagua mitume wake wa kwanza kando ya ziwa. Lakini kuna neno moja dogo katika Injili ya Mtakatifu Marko ambalo wengi hulipita bila kuliangalia. Yakobo na Yohane walipoitwa walikuwa chomboni wakizitengeneza nyavu, nao wakamwacha baba yao Zebedayo pamoja na watu wa mshahara. Maana yake ni kwamba mzee Zebedayo aliendelea na kazi yake pamoja na watu wazima aliowalipa, wala hatusomi kwamba aliwakimbilia wanawe kuwarudisha kwenye nyavu. Hasara aliipata asubuhi ile, kwa sababu mikono minne ilipungua chomboni. Akaikubali.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana wazazi wengi husema, "Siku moja tu, ina nini?" Shule ikifundisha siku 6 kwa juma, kutoka Jumatatu mpaka Jumamosi, mtoto anayekosa siku moja kila juma hupoteza sehemu moja katika sehemu 6. Shule ya msingi ina miaka 6. Basi, huyo aliyekosa "siku moja tu" atafika mwisho wa mwaka wa sita akiwa amesoma miaka 5. Mwaka mzima umekwenda, na hakuna aliyeuona ukienda, kwa kuwa ulikwenda kidogo kidogo kama maji katika mtungi wenye ufa. Akikosa siku mbili kila juma, ni miaka 2. Halafu mtoto huyo hukaa mbele ya mtihani wa Serikali wa kumaliza shule ya msingi pamoja na wenzake wasiokosa, wote wakipewa karatasi ile ile na saa zile zile. Akishindwa, watu husema hana akili, na pengine hutafutwa jirani aliyemroga.

Lakini hesabu hiyo yaonyesha hasara ndogo kuliko ilivyo, kwa sababu masomo si kama samaki, kwamba ukikosa wa leo utavua wa kesho. Masomo ni kama ukuta wa matofali. Mwalimu wa mwaka wa tatu afundisha kuzidisha Jumatatu na Jumanne. Alhamisi aanza kugawanya. Asiyejua kuzidisha hawezi kugawanya, na asiyejua kugawanya hatafahamu sehemu, na asiyefahamu sehemu hatajua maana ya asilimia mpaka anaingia kaburini. Siku mbili za mwaka wa tatu zamfuata kama deni. Ni vile vile katika kusoma. Katika nchi yetu mtoto huanza kusoma kwa Kiswahili katika madarasa ya kwanza, kisha Kifaransa hushika nafasi yake. Mlango huo ni mwembamba. Anayepita hapo akichechemea katika kusoma Kiswahili atawezaje kukimbia katika Kifaransa, lugha ambayo hakuna anayeisema nyumbani kwake?

Hapa twataka kukawia kidogo juu ya jambo moja ambalo watu wazima hawalioni, yaani aibu. Mtoto amekosa siku tatu. Siku ya nne arudi. Mwalimu auliza swali, naye hajui, wenzake wacheka. Kesho yake akaa nyuma kabisa, akiinamisha kichwa ili asiitwe. Kesho kutwa akumbuka kicheko kile, na ufukoni hakuna anayemcheka. Huko asifiwa kwa vidole vyake vyepesi. Basi hageuki tena njiani. Hivyo kukosa huzaa kutokujua, kutokujua huzaa aibu, na aibu huzaa kukosa kwingine. Wazazi wasema, "Huyu hapendi shule." Ndiyo, sasa haipendi. Lakini mwanzo hakuwa hivyo, nasi ndio tuliomtuma beseni.

Na kuna watakaotuuliza: je, mvuvi ana haja gani na hesabu za sehemu? Tumjibu kwa mfano wa ufuko wenyewe. Chombo kimerudi, samaki wameuzwa kwa franka 180,000. Mafuta ya mashine yamegharimu 60,000. Yabaki 120,000. Patano ni kwamba nusu ni ya mwenye chombo na nyavu, na nusu ya pili yagawanywa kwa wavuvi wanne. Kila mmoja apata ngapi? Kijana aliyesoma ajua ni 15,000 kabla tajiri hajafungua mdomo. Yule aliyekosa Alhamisi ile ya kugawanya ataambiwa 10,000, naye atashukuru kwa mikono miwili.

Twajua vema kwamba si kila kukosa ni kosa la wazazi. Ituri imeonja mambo machungu, na Tchomia katika Ituri imeonja zaidi. Tarehe 31 Mei 2003 mji ulishambuliwa, watu wengi wakauawa. Mwanzoni mwa mwaka 2018, vita vilipowaka tena katika Djugu, maelfu ya watu walivuka ziwa kwa mitumbwi wakaenda Uganda, wakapokewa Sebagoro na kupelekwa katika makao ya wakimbizi ya Kyangwali. Watoto waliokuwa wakijifunza Kifaransa walikuta shule za Kiingereza. Waliporudi walikuta tena Kifaransa, na umri umekwenda. Septemba 2018 ugonjwa wa Ebola ulifika Tchomia. Katika mwaka 2019 na 2020 maji ya ziwa yalipanda, yakaingia katika makao ya watu wa kandokando. Tarehe 19 Machi 2020 shule zote za nchi zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Nani awezaye kumlaumu mama aliyekuwa akikimbia na mtoto mgongoni kwa sababu mwanawe wa mwaka wa pili hakufika darasani?

Lakini kwa sababu hiyo hiyo twasema: miaka ambayo vita, maradhi na maji vimetunyang'anya ni mingi mno; tusiziongeze siku nyingine kwa mikono yetu wenyewe. Anayeibiwa nusu ya ng'ombe wake hawaachi waliosalia walale nje ya zizi.

Tena yupo anayemtafuta mtoto asiye darasani. Hatutaki kuwatisha watu, bali hili lilithibitishwa mbele ya majaji. Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha watoto wenye umri chini ya miaka 15 katika jeshi lake na kuwatumia vitani, hapa hapa Ituri, katika mwaka 2002 na 2003. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama hiyo tangu iundwe. Dunia nzima ilijifunza jina la Ituri kwa sababu ya watoto waliobebeshwa bunduki wakati walipopaswa kubeba madaftari. Twajua kwamba wengine walichukuliwa kwa nguvu hata kutoka shuleni, na mlango wa darasa haukuwaokoa. Hata hivyo, mtoto anayezurura ufukoni, ambaye hakuna mtu mzima anayemhesabu asubuhi, ni rahisi zaidi kumchukua, na akipotea huenda siku mbili zikapita kabla jina lake halijatajwa. Mwalimu anayeita majina kila asubuhi ni mlinzi pia, ingawa mshahara wake si wa mlinzi wala wa mwalimu.

Wako wengine wanaosema kwamba sababu ni ada tu. Ilikuwa kweli kwa muda mrefu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, yasema kwamba elimu ya msingi katika shule za Serikali ni ya lazima na ya bure, lakini wazazi waliendelea kulipa mpaka Septemba 2019, Serikali ilipoanza kulitimiza neno hilo. Shule zetu za kikatoliki zimo katika hesabu hiyo, maana tangu mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 Kanisa huziongoza na Serikali huwalipa walimu. Basi madarasa yalifurika. Mambo ya namna hiyo yalikwisha kuonekana Uganda mwaka 1997 na Kenya mwaka 2003: ada ikiondolewa, mlango hufunguka kwa kishindo. Lakini kuingia ni kazi ya siku moja, na kudumu ni kazi ya miaka 6. Serikali yaweza kuondoa ada, haiwezi kumwamsha mtoto wako saa kumi na mbili asubuhi.

Na katika darasa lililofurika, anayekosa huumia kuliko zamani. Mwalimu mwenye watoto 30 aweza kumwita aliyekosa na kumweleza kando kwa dakika kumi. Mwenye watoto 90 hana dakika hizo. Pengine hata hatambui kwamba mtoto amerudi.

Tusiwasahau walimu wenyewe, maana kijembe kisichimbe upande mmoja. Mwalimu asiyefika huwafundisha watoto kutofika. Kweli, mishahara ni midogo na huchelewa, na Septemba 2024 walimu wengi wa shule za Serikali katika nchi yetu waligoma kwa sababu hiyo. Dai lao lilikuwa la haki, na waliolipa gharama yake walikuwa watoto. Hatuna dawa ya jambo hilo katika ukurasa huu. Lakini kuna kosa ambalo halihitaji fedha kuliondoa. Mahali pengine mtoto akichelewa nusu saa kwa kuwa alikuwa akichota maji, hufungiwa lango au huchapwa, kisha hurudishwa nyumbani. Adhabu gani hii, kumpa mtoto kitu kile kile ambacho ziwa linamvutia kwacho? Aliyechelewa amefika, aingie, aketi, ajifunze, na maonyo yafuate baada ya somo. Vile vile wakuu wa shule wanaowafukuza watoto kwa sababu ya mchango huu na mchango ule watafute njia ya kusema na baba, asiyekuwa na kosa abaki darasani.

Juu ya wasichana tutasema machache, maana jambo lao lastahili ukurasa mzima. Wao hawakosi kwa sababu ya ziwa peke yake. Mama akijifungua, binti mkubwa hukaa nyumbani. Mama akienda sokoni, binti hulea. Mtu akiugua, binti humwuguza. Kaka yake hupita na mfuko wa madaftari mbele ya dada anayetwanga, na hakuna anayeona ajabu. Tena msichana anapokua zipo siku katika kila mwezi ambazo hukosa shule kwa sababu choo cha shule hakina mlango wala maji. Halmashauri za wazazi zijuazo kununua viti vya mkutano zaweza kununua ubao na bawaba.

Sasa tuwageukie wale ambao ukurasa huu wawahusu hasa. Si mjane mwenye watoto sita, ambaye samaki watano wa mwanawe ndio chakula cha jioni. Huyo asaidiwe na shirika lake la Kikristo kabla ya kuhubiriwa. Twawageukia wenye vyombo na wenye nyavu. Wengi wenu mwaja kanisani kila Dominika, na baadhi yenu mwakaa viti vya mbele. Wana wenu wasoma Bunia, na wengine Kampala. Lakini asubuhi nyavu zenu zasafishwa na watoto wa wengine, kwa kuwa mtoto hulipwa samaki wachache na mtu mzima hudai fedha. Msiseme, "Wamekuja wenyewe." Nzi pia huja wenyewe, mbona mwawafukuza? Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yakataza mtoto kutumiwa kwa faida ya wengine namna hiyo, na mbele ya sheria hiyo ipo ile ya zamani zaidi, isemayo usiibe. Aliyenunua asubuhi ya mtoto kwa samaki wanne amelipa nini?

Na jambo lenyewe si gumu kama wanavyolifanya. Wenye vyombo wa ufuko mmoja wakikaa chini ya mwembe na kupatana kwamba kati ya kengele ya asubuhi na kengele ya mchana hakuna mtoto wa umri wa shule atakayepewa kazi, na atakayevunja patano atozwe, ufuko utakuwa mtupu wa watoto katika juma moja. Mmoja peke yake hawezi, kwa sababu watoto watahamia kwa jirani. Wote pamoja waweza. Mchana na Jumamosi jioni ziwa lingali pale pale, na kijana atajifunza wavu bila kupoteza kitabu.

Wengine hushauri kwamba watoto wa wavuvi wafundishwe mchana tu, ili asubuhi wafanye kazi. Hatuupendi ushauri huo. Mtoto aliyeamka saa tisa usiku na kubeba mabeseni mpaka saa nne atalala juu ya dawati, hata ukimpa mwalimu aliye bora kuliko wote. Tena tukilipanga darasa kwa kulifuata ziwa, tumekwisha kusema ziwa ndilo mkuu wa shule.

Kwenu wazazi, hatuombi makubwa. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, ulikumbusha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Mlezi huuliza. Kila jioni mwambie mtoto alete daftari, hata kama wewe mwenyewe hujui kusoma. Tarehe haihitaji elimu nyingi: kama jana ilikuwapo na leo haipo, muulize alikuwa wapi. Mara moja kwa mwezi mwendee mwalimu, usingoje siku ya buletini. Siku hiyo utapewa hasara iliyokwisha kuhesabiwa. Mtoto akiugua, tuma neno shuleni, na akipona mpeleke wewe mwenyewe siku ya kwanza, ili asirudi peke yake na aibu yake. Na pale ambapo shirika la Kikristo lina watu kumi karibu na shule, wawili kati yao wachukue kwa mwalimu majina ya watoto waliokosa siku mbili mfululizo, wakabishe hodi nyumbani kwao siku ile ile. Nyumba nyingi zitashangaa kusikia kwamba mtoto hakuwa shuleni.

Nanyi wanafunzi msomao ukurasa huu, tunajua wengi wenu mnatucheka mkisema, "Hawa hawajui njaa ya asubuhi." Twaijua. Lakini sikieni: aliyekosa jana asikae nyuma leo. Akae mbele, aazime daftari la rafiki yake wakati wa mapumziko, anakili somo, na asilolifahamu amwulize rafiki huyo kabla ya kumwuliza mwalimu. Na wewe uliyekuwapo jana, mwenzako akirudi usimcheke. Mpe daftari lako mpaka kesho asubuhi. Ukiogopa kwamba atalilowesha kwa maji ya samaki, nenda nalo kwao, mkae pamoja barazani mpaka jua lizame.